Pweza: Kiumbe asiye na mfupa anayetukuzwa katika sushi ya Wajapani

KATIKA mikahawa ya sushi jijini Tokyo, kipande cha pweza hakizidi upana wa vidole viwili. Huwekwa juu ya tonge dogo la wali uliotiwa siki, kikaandaliwa mbele ya mlaji, na huishia kinywani kwa mkupuo mmoja.

Ni vigumu kwa mlaji kuwazia safari ndefu iliyokifikisha kipande hicho hapo. Hata hivyo, wavuvi na wapishi wa Japani wanafahamu fika kuwa kila hatua ya safari hiyo, kuanzia chungu kinachozamishwa baharini hadi kisu kinachokata nyama, huamuliwa na maumbile ya kiumbe chenyewe.

Pweza hana mfupa hata mmoja. Maisha yake ni mafupi, na jike hutaga mara moja tu kisha akafa. Mambo hayo matatu ndiyo yanayoeleza kwa nini nyama yake hutayarishwa kwa jasho jingi, kwa nini huvuliwa kwa chungu kisicho na chambo, na kwa nini bahari inaweza kuishiwa naye upesi au kumrejesha upesi akipewa nafasi.

Ukoo wa konokono

Ingawa wengi humweka katika kapu moja na samaki, pweza ni wa kundi la moluska, ambamo pia mna konokono, chaza na kombe. Jamaa zake wa karibu zaidi ni ngisi na dome. Wataalamu wamekwisha kubainisha takriban aina 300 za pweza katika bahari mbalimbali duniani.

Mwili wake una kichwa, mfuko wenye viungo vya ndani, na minyiri minane, yaani ile mikono mirefu iliyopangwa vikombe vidogo vya kunata. Katikati ya minyiri hiyo mna mdomo mgumu unaofanana na wa kasuku. Kwa kuwa mdomo huo ndio karibu kiungo pekee kigumu mwilini mwake, pweza mkubwa anaweza kupenya katika tundu lolote ambalo mdomo wake utapita.

Ana mioyo mitatu. Miwili husukuma damu kwenye matamvua ili ipate hewa, na wa tatu huisambaza mwilini. Damu yenyewe ni ya rangi ya buluu kwa sababu hubeba hewa kwa kutumia madini ya shaba, tofauti na ya binadamu ambayo hutumia chuma. Pweza anapoogelea, moyo ule wa tatu husimama kupiga. Ndiyo maana huchoka haraka, na aghalabu hupendelea kutambaa juu ya miamba kuliko kuogelea.

Jambo linalowastaajabisha zaidi wanasayansi ni akili yake. Ana seli za neva zipatazo milioni 500, na karibu thuluthi mbili za hizo haziko kichwani bali zimo kwenye minyiri. Kila mnyiri unaweza kupapasa, kuonja na kushika kitu bila kungoja amri ya kila hatua kutoka kwenye ubongo.

Mwaka wa 2009, watafiti walieleza jinsi pweza wa aina moja huko Indonesia walivyookota vifuu vya nazi vilivyotupwa baharini, wakavibeba chini ya miili yao na baadaye wakavitumia kama nyumba. Mwaka wa 2016, pweza aliyeitwa Inky alitoroka katika hifadhi ya viumbe vya majini mjini Napier, New Zealand. Alitoka kwenye tangi lake usiku, akavuka sakafu na kuteremka kwenye bomba la maji lililompeleka baharini.

Wapenzi wa kandanda nao hawajamsahau Paul, pweza wa mji wa Oberhausen nchini Ujerumani, ambaye wakati wa Kombe la Dunia la 2010 nchini Afrika Kusini 'alitabiri' sawasawa matokeo ya mechi nane. Alipokufa Oktoba mwaka huo, mwili wake ulichomwa kwa heshima na baadaye akajengewa kumbukumbu.

Mwenzake wa Japani hakubahatika hivyo. Katika Kombe la Dunia la 2018, pweza aliyepewa jina Rabio, aliyevuliwa Obira katika kisiwa cha Hokkaido, alibashiri ipasavyo mechi zote tatu za Japani katika kundi lake. Kabla ya timu hiyo kucheza mechi ya raundi iliyofuata, Rabio alikuwa amekwisha kupelekwa sokoni. Kwa Mjapani, pweza hata awe mwerevu namna gani, kwanza ni kitoweo.

Sushi si samaki mbichi

Mtu anayekutana na sushi kwa mara ya kwanza hudhani kuwa neno hilo lina maana ya samaki mbichi. Sivyo. Msingi wa sushi ni wali uliokolezwa kwa siki, chumvi na sukari. Vipande vya samaki mbichi vinavyoliwa bila wali huitwa sashimi.

Asili ya sushi ni mbinu ya kale ya kuhifadhi samaki. Samaki walitiwa chumvi, wakafunikwa kwa wali na kuachwa kwa miezi mingi hadi wali ukachacha. Uchachu huo ulizuia samaki wasioze. Wakati wa kula, wali ulitupwa na samaki wakaliwa. Hadi leo, wenyeji wa kandokando ya Ziwa Biwa hutengeneza chakula cha aina hiyo kiitwacho funazushi, ambacho harufu yake kali huwashinda wageni wengi.

Sushi inayojulikana sasa duniani ilishika mizizi katika mji wa Edo, jina la kale la Tokyo, mapema katika karne ya 19. Mpishi Hanaya Yohei hutajwa sana kuwa ndiye aliyeieneza katika miaka ya 1820. Badala ya kungoja miezi, wauzaji walitia wali siki, wakaufinyanga kwa mkono na kuweka kipande cha kitoweo juu yake. Kilikuwa chakula cha mtu mwenye haraka, kilichouzwa vibandani kama vile viazi karai vinavyouzwa mitaani Mombasa.

Wakati huo hapakuwa na barafu ya kuhifadhia vitoweo. Kwa sababu hiyo, wapishi wa Edo walivitia siki, wakavikoleza kwa chumvi au mchuzi wa soya, au wakavichemsha. Pweza, ambaye kwa Kijapani huitwa tako, aliingia katika fungu la vinavyochemshwa, na huko ndiko aliko hadi leo. Mlaji anayeona kipande chenye ngozi ya zambarau iliyoiva na nyama nyeupe pepe anatazama pweza aliyepikwa.

Wapo pia wanaoliwa wabichi, hasa pweza mkubwa wa maji baridi ya Hokkaido aitwaye mizudako. Huyu hubambuliwa ngozi, kisha nyama yake hukatwa vipande vyembamba mno. Lakini si kila pweza wa bahari za Japani huliwa. Yupo mdogo mwenye alama za duara za buluu ambaye sumu yake, sawa na ile ya samaki bunju, inaweza kumuua mtu.

Jasho la kulainisha nyama

Nyama ya pweza ni ngumu kwa sababu maalumu. Samaki ana mifupa ya kushikilia misuli yake, lakini pweza hana. Misuli yake ndiyo inayofanya kazi ya mifupa. Imepangwa kwa marefu, kwa mapana na kwa mshazari, kama ilivyo katika ulimi wa binadamu au mkonga wa tembo, na imefungwa pamoja kwa nyuzi imara. Mpangilio huo humwezesha kuupinda mnyiri upande wowote atakao. Ila huohuo humtesa mlaji, maana jino halipati upande ulio rahisi kukata.

Moto wa haraka nao hausaidii. Nyuzi hizo zikipata joto hujikaza na nyama ikawa kama mpira. Zikipikwa taratibu kwa muda mrefu huyeyuka na nyama ikalainika. Waswahili waliuona ukweli huo zamani wakatunga usemi wa pweza kujipalia makaa: anapowekwa motoni, minyiri hujikunja kuelekea mwilini na kumvutia makaa zaidi.

Mpishi wa sushi huanza kazi kabla ya moto kuwashwa. Hutoa viungo vya ndani, macho na mdomo, kisha humsugua pweza kwa chumvi au pumba za mchele ili kuondoa ute. Baada ya hapo humkanda kwa mikono. Katika mkahawa mashuhuri wa Sukiyabashi Jiro jijini Tokyo, ulioonyeshwa katika filamu ya mwaka wa 2011 kuhusu mpishi Jiro Ono, pweza hukandwa kwa dakika 40 hadi 50. Wapishi wengine humpigapiga kwa figili kubwa nyeupe. Kazi hiyo ina lengo moja na ile ya wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki wanaompondaponda pweza ili alainike.

Kisha huja kumchemsha. Baadhi ya wapishi hutia majani ya chai katika maji ili ngozi ipate rangi nzuri. Pweza huteremshwa polepole, ncha za minyiri zikitangulia, ili zijikunje kwa mviringo unaopendeza. Akishaiva, huachwa apoe.

Hata ukataji una hekima yake. Kisu huchezeshwa juu na chini kinapopita katika nyama, na kipande hutoka na uso wenye mawimbi. Si urembo tu. Uso laini wa pweza huteleza, na mchuzi wa soya hauushiki. Mikunjo hiyo hushikilia mchuzi, huzuia kipande kisiteleze juu ya wali, na huyarahisishia meno kazi. Wapishi wanaofuata mtindo wa Edo aghalabu hukipaka mchuzi mzito wenye utamu badala ya soya.

Chungu cha Akashi

Mji unaosifika zaidi kwa pweza nchini Japani ni Akashi, mkoani Hyogo, karibu na Kobe. Mlango wa bahari ulioko hapo una mkondo wenye nguvu, na wenyeji hujivunia kuwa pweza wao huwa na minyiri mifupi, minene na yenye misuli kwa kupambana na maji hayo.

Njia ya kale ya kumvua ni chungu kiitwacho takotsubo. Wavuvi hufunga vyungu vingi kwenye kamba moja ndefu na kuvizamisha hadi sakafu ya bahari. Hawatii chambo. Pweza, kiumbe asiye na gamba wala mfupa wa kumkinga, hutafuta shimo la kujificha, na chungu kwake ni nyumba. Kinapovutwa juu, badala ya kukimbia hujibana ndani zaidi. Vyungu vya aina hiyo vilivyofukuliwa katika eneo la Ghuba ya Osaka vinaonyesha kuwa mbinu hiyo imetumika kwa takriban miaka 2,000.

Umbo la chungu hicho limeingia hata katika utabibu. Mwaka wa 1990, madaktari wa Japani walieleza ugonjwa ambao huwapata watu waliofikwa na mshtuko au huzuni kuu, ambapo moyo huvimba upande mmoja na kufanana na chungu cha pweza. Hadi leo madaktari kote duniani huuita takotsubo.

Pweza amejikita pia katika mila. Katika eneo la Kansai, ambamo mna Osaka na Kobe, watu humla siku ya kumi na moja hivi baada ya siku ndefu zaidi ya mwaka, yaani mwanzoni mwa Julai, wakati upandaji wa mpunga unapokamilika. Hutamani mizizi ya mpunga iushike udongo kama minyiri ishikavyo mwamba. Osaka ndiko pia ilikozaliwa takoyaki, kitumbua cha mviringo chenye kipande cha pweza ndani, kilichobuniwa mwaka wa 1935.

Pweza wa Japani kutoka Afrika

Pamoja na sifa hizo zote, pweza wengi wanaoliwa Japani hawatoki Japani. Katika miaka ya 1960, meli za nchi hiyo zilianza kumvua kwa wingi katika Bahari ya Atlantiki, mbele ya pwani ya Afrika Magharibi. Mataifa yalipopanua mipaka yao ya bahari hadi maili 200, meli hizo zilipoteza maeneo hayo na Wajapani wakawa wanunuzi.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, mtaalamu wa uvuvi kutoka Japani aliwafunza wavuvi wa Mauritania kutumia chungu. Taifa hilo la jangwani likawa miongoni mwa wauzaji wakuu wa pweza. Leo mnunuzi katika duka la Tokyo hukuta majina ya Mauritania na Moroko kwenye vifurushi. Mji wa Hitachinaka, mkoani Ibaraki, umejipatia jina kwa viwanda vinavyochemsha pweza kutoka nchi za nje.

Biashara hiyo imeleta fedha, lakini pia imeleta onyo. Mapema katika miaka ya 2000, pweza walipungua vibaya katika maji ya Moroko, na serikali ikalazimika kusimamisha uvuvi kwa miezi kadhaa. Moroko na Mauritania sasa hufunga uvuvi huo kwa vipindi maalumu kila mwaka.

Mama anayekufa akilinda mayai

Sababu ya kufunga uvuvi imo katika maisha ya pweza mwenyewe. Aina nyingi zinazoliwa huishi mwaka mmoja hadi miwili tu. Jike akishapandwa huingia katika tundu, au katika chungu, na kutaga mayai ambayo kwa pweza wa kawaida yanaweza kuzidi 100,000.

Tangu siku hiyo haendi kuwinda tena. Huyasafisha mayai kwa minyiri yake, huyapulizia maji safi na kuwafukuza maadui. Mwili hudhoofika, na mayai yanapoanguliwa hufa. Mwaka wa 1977, mtafiti wa Marekani Jerome Wodinsky alionyesha kuwa kifo hicho kinaongozwa na tezi zilizo karibu na macho. Majike walioondolewa tezi hizo waliacha kulinda mayai, wakaanza kula tena na wakaishi zaidi.

Kwa hiyo, mvuvi anayemtoa jike kwenye tundu wakati huo hapotezi pweza mmoja, bali kizazi kizima. Kwa upande mwingine, kwa kuwa wadogo hukua kwa kasi kubwa, kungoja miezi michache tu huleta pweza wakubwa zaidi.

Wavuvi wa Akashi wanayafahamu hayo. Baada ya baridi kali ya mwaka wa 1963 karibu kuwamaliza pweza wao, waliwanunua wengine kutoka Amakusa, kusini mwa nchi, wakawaachilia katika maji yao. Kwa miaka mingi wamekuwa wakizamisha vyungu vya kutagia ambavyo havivutwi, na kuwarudisha majini pweza wasiofikia gramu 100. Licha ya juhudi hizo, mavuno yao yamepungua katika miaka ya karibuni.

Somo hilo linagusa pia Bahari Hindi. Mwezi wa Novemba 2004, wanakijiji wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagascar, walifunga sehemu ya miamba yao kwa miezi saba, na walipoifungua wakapata pweza wakubwa kuliko kawaida. Mfano huo umefuatwa katika kisiwa cha Rodrigues, Zanzibar, na hata kisiwa cha Pate katika Kaunti ya Lamu. Humo, wanawake wanaotembea miambani maji yakipwa, wakiwa na chuma cha kumchokolea pweza, ndio wa kwanza kuathirika anapoadimika.

Je, afugwe?

Kadiri bahari inavyoelemewa, baadhi ya kampuni zimeona jibu ni ufugaji. Nchini Japani, kampuni ya Nissui ilitangaza mwaka wa 2017 kuwa imefaulu kupata mayai yaliyoanguliwa kutoka kwa pweza waliokuzwa na binadamu. Huko Uhispania, kampuni ya Nueva Pescanova ilipendekeza kujenga shamba la pweza katika Visiwa vya Canary.

Kazi hiyo si rahisi. Vifaranga wa pweza ni wadogo mno na huchagua chakula. Wakikua hulana wenyewe kwa wenyewe. Isitoshe, pweza hula nyama, hivyo kumfuga kunahitaji viumbe wengine wavuliwe ili wamlishe.

Wapinzani wana hoja nyingine, nayo ni ileile akili inayowastaajabisha wanasayansi. Uingereza ilipitisha sheria mwaka wa 2022 inayomtambua pweza kuwa kiumbe anayehisi. Majimbo ya Washington na California nchini Marekani yalipiga marufuku ufugaji wake mwaka wa 2024. Wanaouliza maswali hayo wanasema kiumbe anayeishi peke yake na anayeweza kutafuta njia ya kutoroka usiku hafai kurundikwa katika matangi.

Mjadala huo haujafika mwisho, na haielekei kuwa Wajapani wataacha kumla pweza wao. Lakini iwe ni chungu cha Akashi, cha Mauritania au chuma cha Pate, hesabu ni ileile. Bahari humrudisha pweza kwa miezi michache iwapo mama ataachwa amalize kazi yake. Anayemtoa tunduni kabla ya mayai kuanguliwa ndiye hasa anayejipalia makaa.